Sarafu ya Ardhini Haing'ai

Asubuhi ile ya Alhamisi askari wa kituo walikunywa chai bila visahani. Kituo kizima kilikuwa na visahani vitatu tu, na vyote vitatu vilikuwa vimepangwa juu ya meza ya Koplo Edith Kashinje, kila kimoja kimebeba senti kumi ya zamani, zile za shaba za enzi ya Mwingereza zenye tundu katikati.

"Afande, kikombe kinaniunguza," Konstebo Abel alilalamika. "Nikiweke wapi?"

"Kinywe kiishe. Halafu sogea hapa uone."

Abel alisogea huku akipuliza vidole. Nje ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati ya mji, na baridi ya Sumbawanga, ambayo haimwogopi mtu wala cheo chake, ilikuwa imewavika wote makoti. Edith aliizoea. Mama yake alikuwa mwenyeji wa Mollo. Baba yake alikuwa Msukuma aliyeshuka Bonde la Rukwa na ng'ombe wake, akaona malisho ni mazuri kule chini na mke ni mzuri huku juu, akawa anapanda na kushuka maisha yake yote.

"Jana nilinunua senti tatu kwa bibi mmoja muuza tumbaku sokoni," Edith alisema. "Zote zilikuwa na kutu ya kijani kama mgongo wa chura. Hii ya kwanza nimeisugua kwa dawa ya kung'arishia vinara, ileile wanayotumia akina mama wa parokia. Ya pili nimeisugua kwa stilwaya. Ya tatu nimeilaza ndani ya pombe ya ulezi mpaka leo asubuhi."

"Pombe ya ulezi umeitoa wapi?"

"Kilabuni. Niliwaambia ni ya Abel, wakanijazia bila kuuliza."

Abel akajifanya hakusikia, akainama juu ya visahani. Zote tatu zilikuwa safi, lakini kila moja kwa namna yake. Ya kwanza iling'aa njano kama kengele ya misa, na ndani ya herufi zake umebaki unga mweupe. Ya pili ilikuwa imejaa mikwaruzo, utadhani imegombana na paka. Ya tatu haikung'aa kwa kelele. Ilikuwa na wekundu wa ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, na kwenye ukingo wa tundu vilinasa vipande vidogo mno vya maganda ya ulezi.

Edith alifungua bahasha ya vielelezo, akamwaga sarafu alizokamatwa nazo Yusto.

Yusto alikuwa fundi wa kuchomelea wa kata ya Malangali, kijana wa watu, mchumba wa Victoria, na Jumamosi ilikuwa harusi yake. Jumapili iliyopita kasha la senti za zamani la parokia, sadaka za kwanza kabisa za wazee waliojenga kanisa, lilipotea kwenye kabati la sakristia bila kabati kuvunjwa. Jana Katekista Isdori akamkuta Yusto sokoni, ana senti zilezile zenye tundu ndani ya soksi ya kijivu, zinang'aa, anachagua tupa ndogo kwa muuza vyuma. Yusto akasema amezichimba shambani. Katekista akasema maneno manne yaliyomfikisha Yusto mahabusu: "Sarafu ya ardhini haing'ai." Na Padre alikuwa ameshasema kwamba hafungishi ndoa ya mtu anayedaiwa kuiba sadaka, mpaka jambo hilo liishe. Ndugu wa Wampembe, kule ziwani, walikuwa tayari njiani na samaki wao.

"Shika hii," Edith alisema, akampa Abel kioo cha kukuzia alichoazima kwa fundi saa. "Unaona nini kwenye herufi?"

"Naona jina la Mfalme wa Kiingereza na... uchafu."

"Uchafu wa rangi gani?"

Abel akafumba jicho moja. "Kahawia. Vipande vipande." Akageuza ya pili, akageuza ya tatu. "Maganda ya ulezi, afande."

"Unga mweupe?"

"Hakuna."

"Pitisha kidole juu ya uso wa sarafu."

"Una vishimo. Kama mtu aliyeugua tetekuwanga."

"Hivyo ni vishimo vya udongo. Senti iliyokaa kabatini inalika kwa kushikwashikwa, inakuwa laini. Haitoboki hivyo." Edith akachukua ile soksi ya kijivu, akaipeleka puani.

"Afande! Hiyo ni soksi ya mwanamume!"

"Ndiyo maana nataka kupandishwa cheo." Alivuta pumzi, akakunja uso, akavuta tena. "Kimea. Hii soksi imelewa kuliko wewe Krismasi. Kaniletee Yusto."

*

Yusto alikuja ameinamisha kichwa, mrefu, mikono imejaa alama za cheche. Mguu mmoja ulikuwa na soksi ya kijivu ndani ya kandambili. Mwingine ulikuwa mtupu, umepauka kwa baridi.

"Umelala?" Edith aliuliza.

"Mimi nililala, afande. Kunguni ndio hawakulala."

"Sarafu ulizipata wapi?"

"Nimeshasema. Mollo, shamba la kaka yangu, juu kidogo ya yale matanuri ambayo wazee walikuwa wanayeyushia chuma."

"Sema tena. Napenda unavyosimulia."

Yusto akasimulia kwa shingo upande. Ditekta, mashine ya kunusa vyuma ardhini, aliinunua kwa mchimbaji dhahabu aliyechoka. Aliwasha pale shambani, ikapiga kelele. Akachimba, akatoa mavi ya chuma. Akasogea, ikalia, akachimba, mavi ya chuma. Wiki nzima alichimba makapi ya wahunzi waliokufa zamani, mpaka majirani wakampa jina ambalo hakutaka kulitamka mbele ya afande mwanamke.

"Nalijua," Edith alisema. "Hata kituoni tunakuita hivyo. Halafu?"

"Halafu siku moja ikalia sauti nyingine. Laini. Nikachimba nikakuta kopo limeoza, zimo."

"Zikiwa kijani?"

"Kijani na nyeusi. Huwezi hata kujua ni hela."

"Ukazisafishaje?"

Yusto akaangalia ukuta kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka huko.

"Kwa limau?"

"Nilisafisha tu, afande."

"Kwa pombe ya ulezi?"

Abel aliyekuwa anaandika akainua kichwa.

"Pombe ya nani, Yusto?"

"Afande." Sauti ilikuwa ndogo. "Andika kwamba nimeiba. Nitaweka sahihi."

"Umeiba?"

"Ndiyo. Sakristia. Usiku."

"Kabati la sakristia lina mlango wa nini?"

Yusto akafikiri sana. "Mbao."

"Kioo," Edith alisema. "Ningekuwa mwizi kama wewe ningekufa njaa. Mrudishe, Abel. Na umtafutie kitu cha kufunika mguu huo."

Mlango ulipofungwa, Abel akajikuna kichwa. "Mtu anakubali kuitwa mwizi wa sadaka, siku mbili kabla ya ndoa, kuliko kutaja pombe ya nani. Ni pombe gani hiyo, ya mganga?"

"Ya mtu anayemwogopa kuliko mahakama," Edith alisema. "Au anayemheshimu kuliko mahakama. Huku kwetu hayo mawili yanakaa nyumba moja."

*

Katekista Isdori alifika saa ya chai ya pili, kofia mkononi, macho mekundu. Ndiye aliyemfundisha Yusto katekisimu, na ndiye aliyempeleka polisi. Usiku ule hakuwa amelala zaidi ya Yusto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Amekiri?"

"Amekiri vibaya. Naomba uangalie visahani hivi." Edith akamwonyesha senti ya kwanza. "Za parokia zinafanana na hii?"

Mzee akaishika karibu na pua. "Hasa. Na unga huu! Kila Pasaka nawagombeza akina mama, nawaambia mnapaka dawa lakini hamfuti vizuri, Bwana amefufuka na nyinyi mmebakiza unga."

"Sasa hizi za Yusto."

Aliziangalia kwa muda mrefu. Kidole chake kikasimama kwenye vishimo. Uso ukaanza kufunguka kidogo, halafu ukafunga tena, maana alikuwa mtu wa haki hata pale haki ilipomuumiza.

"Mwanangu, unga unaweza kuoshwa. Na vishimo, mimi sikuwahi kuzichunguza zetu kwa kioo. Nikienda kwa Padre nikamwambia maganda ya ulezi, ataniuliza: pombe iko wapi? Nani aliiona?"

"Hata mimi ndilo swali langu. Nataka chungu, baba. Nikipata chungu nina shahidi."

Katekista akatikisa kichwa. "Mkosi juu ya mkosi. Sadaka zimepotea, bwana harusi yuko ndani, na pombe ya Mama Victoria imeharibika."

Edith alikuwa anarudisha sarafu kwenye bahasha. Mkono ukasimama hewani.

"Pombe ya harusi?"

"Ya harusi. Na ni Bi Dominika yule, mama yake Victoria! Tangu nimjue, pombe yake haijawahi kumwangusha. Wanawake wa Malangali wote wanasema. Wengine wanafurahi, Mungu awasamehe."

"Nguruwe wake basi wamefaidi," Abel alisema.

"Wapi! Hata nguruwe hawakuonja. Aliimwaga yote shimoni na machicha yake, akafukia na majivu. Mke wangu alimwona."

Edith alisimama. Alivaa koti, akavua, akakumbuka ni baridi, akavaa tena.

"Abel, chukua bahasha na soksi. Baba, naomba ukae hapa na Yusto mpaka nikuite. Usimwambie kitu. Mwambie habari za samaki wa Wampembe."

Njiani kuelekea Malangali, Abel alikuwa anakimbia kidogo ili asiachwe. "Afande, pombe huharibika. Ni kawaida."

"Wewe ni wa wapi, Abel?"

"Morogoro."

"Basi sikiliza. Pombe ikichacha vibaya, mama wa Kifipa anamwita nguruwe. Nguruwe analewa, analala, watoto wanacheka, hasara imepungua. Hakuna anayetupa machicha. Machicha ni chakula. Ukiona mama amefukia pombe na machicha kwa majivu, hajafukia pombe iliyochacha. Amefukia pombe yenye kitu ndani, kitu ambacho hakutaka kiingie hata tumbo la nguruwe."

Abel akapunguza mwendo. "Kutu ya shaba."

"Ile ya kijani. Ni sumu. Sasa ni mwanamume gani alikuwa anazunguka nyumba ile wiki iliyopita, ana ruhusa ya kuwa uani lakini hana ruhusa kabisa ya kusogelea chungu cha mama mwenye nyumba?"

Hata Mluguru aliona jibu. Yusto alikuwa amekwenda kuchomelea nguzo za banda la harusi.

*

Victoria alikuwa uani anapeta ulezi, macho yamevimba. Alisalimia, akataka kuuliza, akashindwa. Edith akamshika bega. "Nenda kachote maji, mdogo wangu. Chota polepole."

Bi Dominika alikuwa jikoni, nyumba ndogo ya nyuma iliyojaa moshi na harufu ya kimea kipya. Chungu kingine kilikuwa kinaanza upya. Edith aliona mambo mawili kabla hajasema neno: mama amevaa kitenge chake cha kanisani siku ya kazi, na viatu vyake vya ngozi viko mlangoni, vimepigwa kiwi.

Akachuchumaa, akapiga makofi ya taratibu kama mama yake alivyomfundisha. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Moshi huo, jikalie upande huu."

"Ulikuwa unatoka?"

"Nilikuwa nawaza kutoka. Tangu jana navaa, navua."

"Nasikia pombe iliharibika."

"Ilichacha."

"Mimi mama yangu ni wa Mollo," Edith alisema. "Yake ikichacha, nguruwe walikuwa wanaimba mpaka jirani analeta malalamiko."

Bi Dominika hakutaka kucheka, lakini bega lilitikisika. Halafu likatulia. Alichochea moto kwa muda, ingawa moto haukuhitaji kuchochewa. Mwishowe akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akaweka kitu juu ya kiganja cha Edith.

Senti kumi. Nyekundu kidogo, safi, na ganda la ulezi limekwama kwenye tundu.

"Mwiko uligonga," alisema. "Nakoroga, nasikia *ngo*, chini. Nikajua."

"Ulijua ni ya nani?"

"Siku ile alfajiri nilifungua mlango wa nyumba nikamwona amesimama pale, hapo aliposimama huyo kijana wako" (Abel akaruka pembeni) "anavuta kamba kutoka chunguni. Mwisho wa kamba kuna soksi inatiririka. Soksi! Ndani ya pombe ya mwanangu!"

"Ukafanyaje?"

"Nikajificha."

"Wewe?"

"Nyumbani kwangu mwenyewe! Nikarudi nyuma ya mlango kama mwizi. Ningefanyaje? Mkwe hatazamwi. Ningemwona na yeye akajua nimemwona, ndoa hiyo ina nini tena? Na nikisema kwa watu kwamba mkwe ametia mkono kwenye chungu changu, wazee watataka kikao, kikao kitataka kuku, harusi itasogea mpaka mavuno. Nikasema pombe imeharibika. Aibu ya pombe naiweza. Ni aibu yangu, naivaa, naivua." Akafuta macho, akasingizia moshi. "Jana jioni nikasikia wamemshika kwa sarafu. Nikavaa viatu. Nikawaza: nitasimama polisi nimtaje mkwe wangu mbele ya askari? Nikavua. Leo nimevaa tena. Kama usingekuja, mchana ungenikuta huko."

"Na yeye," Edith alisema polepole, "ameomba niandike kwamba ameiba. Kuliko kuutaja mlango huu."

Bi Dominika akageuza uso kabisa kuelekea ukutani, na safari hii hakusingizia moshi.

*

Walirudi Malangali wanne: Edith, Abel, Katekista Isdori na Yusto. Padre alitaka neno la katekista, na katekista alitaka kusikia kwa masikio yake. Yusto aliletwa mpaka nyuma ya ukuta wa jiko akasimamishwa huko, ameupa mlango mgongo. Bi Dominika alikaa ndani, naye ameupa mlango mgongo. Edith akasimama kizingitini, katikati ya migongo miwili, akajiona kama redio.

"Mwambie," Bi Dominika alisema kwa sauti ambayo nusu ya Malangali ingeisikia, "kwamba pombe ile niliimwaga mimi kwa hiari yangu, na mtu yeyote asiniombe msamaha."

"Yusto, umesikia?"

"Sijasikia, afande," Yusto alisema kwa adabu, masikio yamemwiva. Edith akarudia yote, neno kwa neno. Ndipo Yusto akawa amesikia.

"Mwambie mama," alisema, "bibi yangu alikuwa anasafishia bangili za shaba kwenye pombe chachu. Sikuwa na pombe. Nilidhani ni chungu cha machicha ya nguruwe. Nilipoona povu nikajua nimekufa."

Edith akarudia. Kutoka ndani ikasikika sauti ya mtu anayeuma pindo la kitenge ili asicheke.

"Muulize alizitakia nini."

Katekista naye akasogea, maana hili hakulijua.

"Senti yenye tundu ukiipanua taratibu kwenye chuma, ukaipiga tupa, inakuwa pete," Yusto alisema. "Padre angebariki zile za dukani. Mimi nilitaka Victoria awe na nyingine, ya siku za kazi, asiogope kuivaa akilima. Ile nzuri kuliko zote ilinipotea. Sijui ilidondoka wapi. Soksi ilikuwa na tundu."

Edith hakurudia mara moja. Alitazama kiganja chake, ambacho bado kilikuwa na ile senti. Kisha akamwambia katekista, "Baba, umeona chungu na umepata shahidi?"

"Nimepata wawili," Isdori alisema, akipenga kamasi. "Nakwenda kwa Padre sasa hivi. Na Yusto, mwanangu, mimi... nitakuja kucheza Jumamosi. Kwa magoti haya haya."

"Kabla hujaenda," Edith alisema, "ufunguo wa kabati la kioo huwa unatundikwa wapi?"

Katekista akageuza kofia mkononi. "Nyuma ya picha ya Mtakatifu Yosefu. Wanaojua ni watu wachache sana, mwanangu."

"Basi Jumatatu nitaanza na hao wachache, nikanuse vidole vyao kama vina dawa ya vinara. Wewe nenda ukaiokoe ndoa."

Akamgeukia Yusto. Sarafu zote zingepita kwanza kwa afisa utamaduni azione, alisema, kwa sababu alikuwa askari na ilimbidi aseme. Na ditekta asiiwashe tena bila kibali. Akirudishiwa, Abel atamnunulia tupa.

"Mimi?" Abel alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa, amepewa togwa, anainywa kwa raha zote.

"Afande," sauti ya Bi Dominika ikatoka ndani, kavu kidogo. "Muulize mkwe wangu. Soksi huwa mbili. Ya pili iko wapi?"

Abel akaacha kumeza. Akashusha kibuyu, akachungulia ndani yake kwa makini ya kipolisi.

"Nimeivaa," Yusto alisema upesi. "Mwambie nimeivaa, tangu jana."

"Ameivaa," Edith alisema. "Mguu mmoja. Wa pili umelala mahabusu hivyo hivyo, na baridi hii."

Ndani Bi Dominika akanyanyuka. Kisha sanduku likafunguliwa, vitu vikapekuliwa, na mkono wenye bangili ya zamani ukatokea mlangoni, mwenyewe ameficha uso. Ulishika soksi mpya za sufu nene, jozi nzima, bado zimeshonwa pamoja kwa uzi wa dukani. Zilikuwa za marehemu mumewe, alizomnunulia na asiwahi kuzivaa.

"Mpe," alisema. "Mwambie azivae sasa hivi, asisubiri Jumamosi."

Edith alizichukua, akazunguka ukuta. Yusto alikuwa tayari ameketi chini, anavua kandambili, na safari hii hakungoja Edith arudie.